Nguzo za usumba: shajara ya maua yanayokwea, Tanga

Februari

Mradi wenyewe ni huu: kutengeneza nguzo za kupandishia maua ya ndani kwa vitu vinavyopatikana hapahapa Tanga, nione kama zinaweza kufanya kazi ya zile nguzo za sifagno wanazozisifia wapenzi wa maua wa Ulaya na Marekani. Sifagno ni mmea mlaini wa vinamasi vya nchi za baridi. Hukaushwa, hufungwa, husafirishwa, na kikifika huku kifuko kidogo kinauzwa kwa bei ya kumkatisha mtu tamaa. Sisi tuna minazi, na makumbi yanachomwa kila siku kufukuzia mbu.

Mimea ya mradi ni mitatu: maniplanti, monstera, na filodendro ile ya majani ya moyo. Hoya ninayo pia lakini naiweka pembeni, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Maniplanti kila mtu anayo. Imo kwenye chupa ya jemu juu ya friji, imo saluni, imo mapokezi ya zahanati, na majani yake hayazidi kiganja cha mtoto. Wachache wanajua kwamba ile iliyoukwea mwembe wa uani, yenye majani mapana kama ungo na yaliyochanika pembeni, ni mmea uleule. Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum, asili yake kisiwa cha Mo'orea huko Polinesia ya Ufaransa. Porini shina lake hufika mita 20 juu ya mti, na jani moja la mmea uliokomaa linaweza kufika mita nzima. Kinachoubadili umbo ni kupanda juu huku mizizi ya shina imeshika kitu chenye unyevu. Ukiuning'iniza, kila jani jipya linakuwa dogo kuliko lililotangulia na pingili zinarefuka, maana shina linaloning'inia liko safarini, linatafuta mti mwingine.

Kwa hiyo swali la mradi ni la unyevu. Kijiti kikavu chochote kitausimamisha mmea. Ninachotaka kujua ni kama usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, unaweza kukaa na maji muda wa kutosha hadi mizizi iamini kwamba imefika kwenye gome la mti wa msituni.

Machi

Nimekwenda kusini mwa mji, njia ya Pangani, kwa bibi mmoja anayesokota kamba. Makumbi yake hufukiwa kwenye mchanga pale maji yanapokupwa na kujaa, yakakaa miezi hadi yakalainika, kisha hufukuliwa na kupigwa kwa gongo. Nyuzi ndefu zinazobaki ndizo usumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kamba unataka ya nini, ya kitanda au ya mbuzi?"

"Kamba leo sitaki, bibi. Nataka usumba kidogo, na hilo vumbi unalolikung'uta."

"Hilo? Hilo taka hilo." Akacheka. "Chukua lote, na ukimaliza ufagie na uwanja."

Nimefagia.

Vumbi hilo ndilo nililolifuata. Uzi wa usumba ni mgumu, maji yanaupitia juujuu na kuondoka. Ndiyo maana unafaa kwa kamba na mazulia ya mlangoni. Vumbi linalokaa katikati ya nyuzi ndilo sifongo lenyewe, linabeba maji mara kadhaa ya uzito wake. Nguzo nyingi zinazouzwa madukani zimezungushiwa kamba ya usumba kwa nje na ndani kuna bomba la plastiki. Zinapendeza, ila kwa mmea hazina tofauti na mpini wa ufagio. Nguzo zangu zitakuwa na vyote viwili, nyuzi za kushikilia umbo na vumbi la kushika maji, na moja nitaijaza nyuzi tupu ili nipate cha kulinganishia.

Aprili

Mwezi wa kuosha. Masika yamekubali, mapipa yamejaa.

Makumbi yaliyolala baharini yamejaa chumvi, na hata yale yasiyoonja bahari yana sodiamu na potasiamu yake yenyewe. Maji huondoa sehemu tu ya chumvi hiyo. Iliyobaki imeng'ang'ania kwenye chembechembe za vumbi, na haitoki mpaka ije kalsiamu iisukume na kukaa mahali pake. Wanaolima bila udongo wanalijua hili vizuri. Dawa ni kalsiamu naitreti, ileile wakulima wa nyanya wanayoinunua kwenye maduka ya pembejeo kuzuia nyanya kuoza kitako.

Nilivyofanya: kuloweka kwa maji ya mvua, kukamua, kumwaga, kurudia hadi maji yaliyokuwa na rangi ya chai ya rangi yakaanza kuonekana meupe. Halafu kalsiamu naitreti, kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo ya lita 10, usumba ukalala humo usiku kucha. Asubuhi ukasuuzwa tena. Maji ya mvua nimeyachagua makusudi. Kisima chetu kiko karibu mno na bahari, ukinawia maji yake sabuni inagoma kutoa povu. Kuoshea chumvi kwa maji ya chumvi ni kazi ya kujichosha.

Kipimo cha maabara sina, nina maharage. Haragwe halivumilii chumvi kabisa, kwa hiyo linafaa kuwa mpelelezi. Nimepanda punje kwenye makopo matatu: vumbi lisilooshwa, lililooshwa kwa mvua tu, na lililopitia kalsiamu. Kwenye lisilooshwa nyingi hazikuota, na zilizoota zimeungua kingo za majani ya kwanza. La mvua tu limeotesha, lakini miche ni mifupi. La kalsiamu limeotesha maharage ya kawaida, ya kijani, yasiyo na malalamiko. Hilo ndilo litakaloingia kwenye nguzo.

Mei

Ujenzi. Kila nguzo ni wavu wa plastiki wa bustani uliokunjwa kuwa bomba la unene wa mkono. Mgongoni, upande usioutazama mmea, nimeweka ndani kipande cha mfuko wa mbolea uliooshwa ili upepo usinyonye maji kutoka pande zote. Katikati kuna kipande cha nondo, mabaki ya fundi aliyejenga ukuta wa jirani. Kisha usumba na vumbi, tabaka kwa tabaka, vimeshindiliwa kiasi: ukibonyeza kwa kidole viingie ndani kidogo halafu virudi. Ukishindilia sana mizizi haipati hewa. Chini ya chungu nimeweka mawe, maana nguzo iliyolowa ni nzito na kusi halina simile.

Kuhusu udongo, kwa ufupi: mboji, chenga za mkaa, vipande vya makumbi vya ukubwa wa kucha, na pumba za mpunga kidogo. Mimea hii inataka maji yapite upesi na hewa ibaki.

Vipandikizi vyote vya maniplanti vimetoka kwenye mama mmoja, na kila kimoja kina fundo lake. Hapo kwenye fundo ndipo macho na mizizi hutokea. Anayejua kupanda marando ya viazi vitamu hahitaji somo. Nalitaja kwa sababu bado kuna watu wanauziwa jani tupu la monstera, halina hata kipande cha shina, wakiambiwa litaota. Litatoa mizizi, litakaa majini miezi likiwa la kijani, na halitatoa jani la pili maishani mwake. Hali ni hiyo kwa jani moja la hoya lenye umbo la kopa linalouzwa kwenye kikopo wakati wa Valentine. Mnunuzi anamwagilia jani lile mwaka mzima akisubiri ukuaji ambao hauna pa kutokea.

Maniplanti tatu zimekaa dirisha moja. Ya kwanza iko kwenye nguzo ya nyuzi na vumbi, nitakayoilowesha kutoka juu. Ya pili iko kwenye nguzo ya nyuzi tupu, nayo italoweshwa vilevile. Ya tatu iko juu ya rafu, inaning'inia kama wenzake wote wa mjini. Monstera na filodendro zimepata nguzo za aina ya kwanza.

Katika kufunga, shina la monstera lina tumbo na mgongo: majani yanatazama upande mmoja, mizizi ya hewani inatoka upande wa pili. Mgongo, yaani upande wa mizizi, ndio unaoegemezwa kwenye nguzo. Kamba hupita kwenye shina, isipite kwenye kikonyo cha jani, kwa sababu jani litataka kugeuka lifuate mwanga. Nimetumia kamba ya katani. Itaoza baada ya miezi, na wakati huo mizizi itakuwa imeshashika yenyewe. Mkonge wenyewe ulifika Pwani yetu mwaka 1893, vitoto vyake vikiletwa kutoka Florida na Richard Hindorf, na asili yake ni Yucatan, Mexico. Monstera nayo kwao ni kusini mwa Mexico na kushuka hadi Panama. Wamekutana kwenye ndoo ya rangi, Tanga.

Angalizo kwa wenye watoto na paka: utomvu wa mimea hii yote mitatu unawasha mdomo na ngozi. Ni jamii moja na magimbi, na kinachowasha ni kilekile kinachokufanya usithubutu kula gimbi bichi, vijisindano vya kalsiamu oksaleti.

Juni

Jua limehama, na sebule imebadilika.

Vitabu vingi vya maua vinaandikiwa watu wa kaskazini ya dunia, na vinasema dirisha la kusini ndilo lenye mwanga. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita utosini karibu na tarehe 8 Machi na tena karibu na tarehe 6 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo linapita upande wa kaskazini, na mwezi huu limeinama nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Dirisha langu linatazama kaskazini. Kwa hiyo Juni na Julai ndiyo miezi linapopata kipande cha jua kali, na Desemba halipati hata mshale mmoja. Anayefuata kitabu cha Uingereza neno kwa neno ataiweka monstera yake dirisha la kusini na kuinyima jua miezi yote ya kusi.

Nimezisogeza hatua moja ndani. Kipimo changu ni kivuli cha mkono juu ya karatasi saa sita mchana: kingo zikiwa kali kama zimekatwa kwa wembe, mwanga umezidi kwa majani yasiyozoea, kivuli kikionekana lakini kingo zimefifia, ndipo hapo, kivuli kisipoonekana kabisa, mmea utaishi lakini hautakua.

Jambo lililoleta tofauti kubwa kuliko kusogeza vyungu ni kuosha nyavu za mbu za madirishani. Waya ule unakusanya vumbi na chumvi ya bahari mpaka sebule inakuwa ya jioni saa nane mchana. Brashi, sabuni, maji. Sijui kwa nini ushauri huu siuoni popote, na nyumba zote za Pwani zina nyavu.

Julai

Kusi na baridi yake ndogo. Ukuaji umepungua, umwagiliaji wa chungu nao nimeupunguza, wa nguzo hapana. Upepo mkavu unainyonya nguzo kabla ya udongo. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, imetobolewa kwa sindano kwenye kifuniko na kupinduliwa juu ya nguzo, inatona taratibu na kulowesha mpaka chini.

Nguzo ya nyuzi tupu inalowa na kukauka siku hiyohiyo. Na imepata wapangaji: sisimizi wamehamia sehemu ya juu iliyo kavu, na pamoja nao wale wadudu weupe wenye unga wanaofyonza utomvu. Sisimizi wanawachunga kwa ajili ya majimaji matamu wanayoyatoa. Nimewafuta wadudu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na sisimizi nimewahamisha kwa kuilowesha nguzo yote ndani ya karai. Ile yenye vumbi hawajaigusa. Ndani yake hamkaliki.

Jirani ameuliza maniplanti itatoa ua lini. Haitatoa. Watafiti walionyesha mwaka 2016 kwamba mmea huu una upungufu wa homoni ya jibarelini, ndiyo maana maua yake hayaonekani. Maana yake ni kwamba kila maniplanti iliyoko mjini ni kipande cha kipande cha kipande, hakuna iliyotokana na mbegu ya jana. Jirani amesikitika kuliko nilivyotegemea.

Septemba

Vipimo vya maniplanti, upana wa jani jipya kabisa. Zote zilianza na majani ya sentimita 7.

Nguzo ya nyuzi na vumbi: sentimita 12, na kila fundo limeingiza mizizi ndani ya wavu; ukilivuta shina haling'oki. Nguzo ya nyuzi tupu: sentimita 8, mizizi imetokea ikakauka ncha kabla ya kushika, shina bado limesimamishwa na katani. Ya kuning'inia: sentimita 5, na ndiyo ndefu kuliko zote. Wageni wanaisifu hiyo.

Filodendro ina vituko vyake. Tawi moja lisilofungwa halikulifuata dirisha, limeelekea nyuma ya kabati, kwenye giza. Tabia ya namna hii inajulikana. Mwaka 1975 Donald Strong na Thomas Ray walieleza jinsi miche ya aina moja ya monstera ya Costa Rica inavyotambaa chini kuelekea pale penye giza zaidi, kwa sababu msituni giza kubwa karibu nawe ni shina la mti mnene. Ukishaufikia mti, ndipo mmea unageukia mwanga na kupanda. Sidai kwamba filodendro yangu imesoma utafiti huo, lakini nimelirudisha tawi kwenye nguzo na limeshika bila ubishi. Rangi ya usumba uliolowa, hudhurungi iliyokolea, huenda inasaidia.

Novemba

Vuli. Kila kitu kinakimbia.

Monstera imefungua jani lenye matobo ya ndani, yale madogo yanayojipanga karibu na mshipa wa kati. Majani yaliyotangulia yalikuwa na mipasuko ya pembeni tu. Kuna maelezo kadhaa kwa nini matobo yapo. Ninalolipenda ni la Christopher Muir, aliyependekeza mwaka 2013 kwamba chini ya miti mikubwa jua hufika kwa vidoa vinavyohamahama, na jani lenye matobo linatandaza nyama ileile juu ya eneo pana zaidi, kwa hiyo halikosi vidoa kwa muda mrefu.

Sasa mizizi iliyomo ndani ya nguzo inakula, kwa hiyo nimeanza kuweka mbolea ya maji iliyozimuliwa sana kupitia chupa ya juu. Nguzo inapokauka mbolea inaacha ukoko mweupe kileleni. Ni chumvi ileile tuliyoitoa Aprili ikirudi kwa mlango mwingine. Nguzo zimetolewa barazani, zikapigwa mvua usiku mzima, zikarudi safi.

Visahani vya chini navimwaga kila mara, na chupa zenye vipandikizi nabadilisha maji mara mbili kwa wiki. Mbu wa dengue anazaliana kwenye maji safi ya ndani ya nyumba, na waliokuwa Tanga mwaka 2019 hawahitaji kuelezwa.

Hoya niliyoahidi kuieleza: haina haja ya nguzo yenye maji. Yenyewe hujisokota, haitegemei mizizi kushika, kwa hiyo pete ya waya inaitosha, na inapenda kukauka kati ya umwagiliaji. Imemaliza kutoa maua, na vile vishina vilivyobeba maua siviondoi, kwa sababu msimu ujao itachanua palepale. Mwingine asiyehitaji nguzo yenye maji ni Cissus rotundifolia, wa kwetu Afrika Mashariki, mwenye majani mazito ya mviringo. Ulaya wanamlea ndani ya chungu na sisi tunamkata kwenye ua. Huyu ana vikono vya kujizungusha, mpe kamba tu. Kwa wanaotaka anayeshika kwa mizizi na asiwe mgeni, jenasi ya Culcasia inapanda miti kwenye misitu yetu ya Pwani na Usambara. Nimeitazama kwa macho tu. Msitu wa hifadhi si kitalu.

Januari

Vipimo vya mwisho vya awamu hii. Maniplanti ya nguzo yenye vumbi: jani la sentimita 17. Nyuzi tupu: 9. Ya kuning'inia: 5, na imefika sakafuni.

Kwa hali ya hewa ya Pwani, basi, sifagno siihitaji, mradi nguzo iwe na vumbi la makumbi, liwe limeoshwa na kalsiamu, na mgongo wake uzibwe. Nairobi au Lushoto, kwenye baridi ya Julai, nisingeloweka nguzo kwa kiwango hiki. Mizizi isiyokunywa ndani ya vumbi lililojaa maji inaoza. Usumba pia unanywea: nguzo zote zimeshuka kama upana wa vidole vitatu na nimeongeza vumbi kutoka juu.

Bibi wa njia ya Pangani nimempelekea filodendro kwenye nguzo fupi. Ameikagua nguzo kuliko mmea, akaibonyeza, akauliza kwa nini sikusokota kamba nje ili ipendeze. Sasa vumbi analiweka kwenye viroba na amelitajia bei. Ni bei ya haki, nimelipa.

Monstera imebakiza jani moja kugusa dari. Masika yakianza nitaikata chini ya fundo la tatu kutoka juu, pamoja na kipande cha nguzo kilichoshikwa na mizizi yake, nikipande kilele hicho kwenye chungu kilekile mbele ya shina mama. Wavu na nondo za nguzo mpya vipo tayari. Usumba wake umeshalowekwa.